Meza ya Bi Suad

Rispa alikuwa ameonywa asitoke na mtoto jioni. Aliambiwa na jirani yake Mapenzi, akaambiwa na mama muuza mbaazi, na hata fundi viatu wa pale kona, ambaye hakuna aliyemuuliza, naye alitoa lake: mtoto mchanga hatolewi nje Magharibi kabla ya arobaini. Rispa akawashukuru wote. Kisha akamfunga Lynnette mgongoni, akampigia simu Menza mwenye mkokoteni, na jua likielekea kuzama wakaondoka Bombolulu kwenda Kisauni kuchukua meza.

Tusimlaumu upesi. Yeye ni mtu wa bara, kazaliwa Butere, na mumewe Gedion alikuwa mbali na lori, amekwama kwenye foleni ya mpakani Malaba. Mtoto angemwachia nani? Na kazi yake ndiyo hiyo. Hununua samani za zamani majumbani mwa watu, akazipiga msasa, akazipaka vanishi, akazipiga picha na kuziuza kwa simu. Wateja ni wenye nyumba mpya kule Nyali. Watu hawa wana mambo. Mtu hujenga nyumba ya vioo vitupu, kisha akatafuta meza ya bibi ya mwenzake aiweke mlangoni, ili mgeni akiingia adhani na yeye ana asili. Wiki ile palikuwa na mteja mmoja aliyekuwa akimsumbua asubuhi na jioni. Alitaka meza nyembamba ya kuegemea ukuta, ya kizamani kweli kweli, wala si ya kuigiza.

Nyumba waliyoifuata ilikuwa ya ukoo wa wafanyabiashara waliohama Mji wa Kale miaka mingi iliyopita. Aliyewafungulia ni Samah, mwanamke wa umri wake Rispa, amevaa dera pana jeusi. Mamake, Bi Suad, alikuwa amefariki karibuni, naye alikuwa akiuza vitu apate kuhama. Ukumbini hapakuwa tena na viti wala mazulia. Palibaki kitu kimoja tu, kule mwisho, ukutani.

Rispa alipoiona, moyo ulimruka kwa furaha. Ilikuwa meza ya nusu mwezi, ya msaji uliokolea weusi, miguu mitatu, ukingo wake umepigwa njumu za shaba. Juu yake, katikati, palikuwa na duara jeupe, alama ya kitu kilichowekwa hapo mara nyingi mno. Na ilinukia. Marashi ya waridi, na chini yake harufu nyingine, ya maziwa yaliyochacha.

"Ni ya bibi zangu hini," alisema Samah. Alisimama mbali, mgongo umegusa mlango. "Itoeni kabla ya adhana, tafadhali."

Kisha akamtazama mtoto mgongoni.

"Huyo ana siku ngapi?"

"Hajafika arobaini, dada. Imebaki wiki."

Samah akatazama chini.

"Ikifika kwako iache tupu," alisema. "Usiweke kitu juu yake."

"Itakaa tupu tu, mpaka vanishi ikauke."

Menza aliinua meza, akaishusha, akajifuta jasho. Huyu ni mtu abebaye magunia ya viazi Kongowea tangu alfajiri, hababaishwi na mzigo. "Kameza kadogo hivi," alinong'ona, "mbona kama nimebeba kabati lenye nguo zake?" Aliibeba hivyo hivyo hadi kwenye mkokoteni, huku akihema.

Rispa alibaki nyuma kuaga. Akageuka mlangoni.

Samah alikuwa ameupa ukumbi mtupu uso wake. Menza alikuwa keshafika barabarani. Ndani hapakuwa na mtu mwingine. Hata hivyo alikuwa akisema na mtu, pole pole, kama mtu anayemuamsha mgonjwa.

"Nenda nao," alinong'ona. "Hapa hapana mtu tena."

Rispa akadhani ni msiba. Aliyefiwa husema peke yake, nani asiyejua hilo? Akafuata mkokoteni. Njia nzima Lynnette alikuwa macho, kichwa amekigeuza kule ilikofungwa meza.

*

Msasa uliondoa weusi wote wa juu. Duara halikutoka. Rispa alisugua hadi vidole vikamuuma, akatia dawa ya kuondoa madoa, akasugua tena, na duara likabaki jeupe vile vile. Tena kila Magharibi lilikuwa na unyevu. Alipaka vanishi juu yake akaamini imekwisha. Jioni ilipofika, akapitisha kidole, kikatoka na maji.

Mteja naye hakumpa nafasi ya kufikiri. Alitaka picha. Alitaka aione meza ikiwa imepambwa, "Kiswahili kabisa, mama, kama nyumba za zamani." Basi Rispa akaingia kwenye simu, akatafuta picha za nyumba za zamani, akaanza kukopa. Kwa Mapenzi alipata chetezo cha udi. Kwa mpangaji mwingine, mrashi wa shaba, akautia marashi. Alikuwa na kioo chake chenye fremu ya nakshi, akakitundika ukutani juu ya meza. Akaweka sahani ya halua, kikombe cha kahawa, na asumini aliyoinunua kwa mtoto wa njiani. Alirudi nyuma akatazama. Mwenyewe alijisifu.

Ilikuwa Alhamisi, jua linazama. Na siku hiyo Lynnette alitimiza arobaini.

Mtoto alikuwa akilia tangu mchana. Rispa alimbeba, akamtikisa, akamwimbia, wapi. Ndipo likamjia wazo ambalo mama yeyote mwenye simu angelipata. Picha ya arobaini! Akamvingirisha kwa shali nyeupe, akasogeza sahani na chetezo pembeni, akamlaza katikati ya meza. Juu ya duara.

Kilio kikakatika.

Hakikufifia. Kilikatika, kama redio iliyozimwa.

Lynnette alitulia, macho wazi. Yalianza kufuata kitu. Kutoka mlangoni... pole pole... yakapita begani kwa mamake... yakasimama juu ya meza, karibu kabisa. Kisha akatabasamu. Lilikuwa tabasamu lake la kwanza. Rispa, roho imejaa, aliinua simu mbele ya uso wake, ikamtambua ikafunguka, akapiga picha akicheka peke yake. Jambo usilolijua ni usiku wa giza, na yeye alikuwa katikati ya giza hilo akitafuta mwangaza mzuri wa picha.

Alimwinua mtoto, akaenda kumnyonyesha.

Lynnette aligeuza uso.

*

Hakunyonya usiku ule. Wala hakulia. Kulipokucha Rispa alimpeleka hospitali, wakampima, wakasema hana homa, koo ni safi, mjaribu kwa kijiko. Kwa kijiko alipokea matone, mengine yakamtoka pembeni mwa mdomo. Kila Rispa alipomwinua aliona amekuwa mwepesi zaidi.

Na meza haikunyamaza. Ikifika Magharibi, kikombe kilisikika kikigusa sahani. Tik. Kimya. Tik. Rispa akienda kutazama hapana kitu, ila halua ina alama za vidole. Vyembamba. Virefu kuliko vyake. Akaitupa halua, akamwaga kahawa, akaifunika meza kwa shuka. Harufu ya maziwa yaliyochacha ikapanda hadi chumbani.

"Mpeleke hospitali kubwa," Gedion alimwambia kwa simu kutoka Malaba. Sauti yake ilikuwa ikikatika katika. "Nitakopa, nitafanya... aki Rispa, usimwache mtoto akae hivyo."

"Nimempeleka. Hawaoni kitu."

"Na huyo anayeimba hapo nyuma ni nani?"

Rispa akageuka. Chumbani walikuwa wao wawili tu, yeye na mtoto.

Kesho yake alasiri Mapenzi alikuja kuchukua chetezo chake. Mapenzi ni mtengeneza vipuli na mikufu pale kwenye karakana ya Bombolulu, hutembea kwa gongo, na gongo lake hutangulia kusikika kabla ya hodi. Alasiri ile gongo lilisimama nje ya mlango. Halikuingia.

"Mama Lyn," aliita kwa sauti ya chini. "Ulikipeleka wapi chetezo changu?"

Rispa alivuta shuka. Vyombo vyote vilikuwa bado mezani. Mapenzi alivitazama kimoja kimoja akiwa pale pale nje.

"Nani alikufundisha kupanga hivi?"

"Hakuna. Niliona kwenye simu. Ni mapambo tu, dada Mapenzi, ya mteja."

"Hii ni karamu, mama. Umemwandalia mtu. Na mtoto... ulimweka hapo?"

Rispa akatikisa kichwa kukubali, machozi yakaanza kumtiririka.

"Mimi mambo ya nyumba za wenyewe siyajui," alisema Mapenzi. "Kwetu tuna yetu. Rudi kwa aliyekuuzia. Rudi sasa hivi, maadamu mtoto bado yuko nawe."

*

Samah alifungua mlango kidogo tu. Alipomwona Rispa na kile kilichokuwa kwenye shali, alijaribu kufunga. Rispa akaingiza mguu.

"Uliniuzia nini?"

Samah akaachia mlango, akaketi sakafuni kwenye ukumbi mtupu, mkono mmoja tumboni. Sasa Rispa aliona kilichokuwa kikifichwa na lile dera pana. Tumbo lilikuwa kubwa. Mwezi wa saba, au wa nane.

"Ni ya nyumba," Samah alinong'ona. "Mama alikuwa akisema hivyo. Na yule aliye juu yake ni wa nyumba, si wa kuabudiwa, ni wa kuheshimiwa. Mwalimu wa msikitini alitukataza, baba akatukataza. Wanawake wakaendelea kwa siri. Kila mtoto akifika arobaini, jioni ya Alhamisi, hulazwa pale juu. Marashi, udi, halua. Amwone. Kisha mamake humchukua, na akimchukua huacha kitu chake mwenyewe."

"Kitu gani?"

"Kitu atakachokililia. Bibi yangu aliacha sauti. Alikuwa mwimbaji wa harusini, hakuimba tena mpaka kufa. Mama aliacha usingizi. Mimi nimekua nikimsikia akitembea hapa ukumbini, kila usiku. Mimi nilikuwa na mwanangu. Safwan. Nilikataa kumlaza. Nimesoma, nikawaona wajinga. Mama alinipigia magoti, wallahi, nikamcheka. Safwan akaacha kunyonya."

Hakumaliza. Hapakuwa na haja.

"Na huyu," akaugusa mzigo wa tumboni, "huyu sikuweza kumhatarisha. Mama amekufa, na maneno mengine nilikuwa siyajui. Nikataka itoke tu. Mwanzo nilimuuzia mtu mwingine. Ikarudishwa siku ya pili, walisema haiwezi kupita mlangoni kwao. Yeye hakutaka kwenda. Ulipokuja wewe na mtoto mgongoni... nikaona atakubali."

Rispa alihisi hasira ikimpanda hadi masikioni. Alitaka kumpiga. Alitazama lile tumbo, akamtazama Lynnette, akashindwa.

"Ungeniambia."

"Ningekwambia, ungeichukua?"

"Njoo uichukue basi."

"Haitoki kwako mpaka apate chake. Mlaze tena, useme maneno haya: Huyu ni wangu, chako ni hiki. Ukitaje wazi. Kisha kuna neno la mwisho, mama alikuwa akilisema kwa chini, amegeukia ukuta. La kumwambia arudi kwake." Samah alifunika uso kwa viganja. "Hilo sikuwahi kulisikia."

*

Njiani Rispa aliamua. Angempa usingizi. Bi Suad aliutoa akaishi hadi uzeeni, basi unaweza kutolewa na mtu akaishi. Alilirudia moyoni asije akakosea. Usingizi wangu. Chako ni usingizi wangu. Kwenye shali Lynnette alikuwa amefumba macho, na midomo yake imekauka.

Mapenzi, aliyekuwa amepigiwa simu, alikuwa akingoja mlangoni na makaa. Rispa akamtolea chetezo, naye akatia makaa na udi, akakisukuma ndani kwa ncha ya gongo, akabaki nje. Rispa alinyunyiza marashi, akaweka halua mpya, akamlaza mwanawe juu ya duara. Lilikuwa limelowa kabisa, maji yakaingia kwenye shali.

Adhana ya Magharibi ikaanza kwa mbali.

Moshi wa udi ulipanda. Ulifika mahali, juu kidogo ya meza, ukagawanyika ukapita pande mbili, kama maji yanavyopita nguzo. Pale katikati hapakuwa na moshi. Palikuwa na umbo la mtu aliyeinama.

Alikuwa ameinama juu ya mtoto.

"Huyu ni wangu," Rispa alisema.

Tik, kikasema kikombe.

"Huyu ni wangu. Chako ni..."

Kifua cha Lynnette kilipanda. Kikashuka.

Hakikupanda tena.

Rispa alisahau kila kitu. Usingizi, Bi Suad, neno alilolikariri njia nzima, vyote vilimtoka. Aliinua macho, yakagongana na kioo, akajiona: mwanamke wa bara, amelowa machozi, mdomo wazi. Na mdomo ukasema kilichokuwa mbele ya macho.

"Sura yangu. Chukua sura yangu. Niachie mtoto."

Moshi ukafungamana.

Lynnette akalia.

Alilia kwa nguvu, kwa hasira, kilio cha mtoto mwenye njaa ya siku kadhaa. Nje Mapenzi aliangua kilio naye. Rispa alimnyakua mwanawe, akaketi sakafuni pale pale, akamnyonyesha, na mtoto akanyonya hadi akapaliwa. Hakuna furaha aliyowahi kuipata iliyokaribia ile.

Baadaye alichukua simu ampigie Gedion. Aliinua mbele ya uso. Simu haikufunguka. Akajifuta machozi, akajaribu tena, akasogea kwenye taa, akajaribu tena.

Haikumtambua.

*

Watu wana maelezo ya kila kitu. Gedion aliporudi alimtazama muda mrefu mlangoni, mkoba begani, kisha akasema, "Umechoka, mama Lyn, umekonda tu." Mamake Rispa alipiga simu ya picha kutoka Butere, akatazama akasema kwa heshima, "Mama, hujambo? Niitie Rispa." Aliposikia sauti ya binti yake akacheka sana, akailaumu mitambo. Rispa naye akacheka. Usiku alikaa akijipapasa uso. Pua ilikuwa pale pale. Macho pale pale.

Samah alihama bila kuaga, na simu yake haikupatikana tena. Mteja wa Nyali aliambiwa meza imeuzwa. Gedion alishangaa, maana mteja mwingine alikuwa tayari kutoa zaidi. "Si tuiuze tu?" aliuliza. Siku moja, Rispa akiwa sokoni, Gedion akamwita Menza, wakaisogeza meza hadi uani. Rispa aliporudi kumnyonyesha, Lynnette akakataa. Waliirudisha jioni ile ile, na Gedion hakuuliza tena. Tangu hapo Rispa humnyonyesha akiwa ameketi mbele ya meza, mtoto akitazama kioo. Mahali pengine popote hatulii. Akimbeba na kumwelekezea uso wake mwenyewe, mtoto humkagua kama akaguavyo wageni, mdomo ukaanza kupinda.

Kwa hiyo Alhamisi huandaa. Afanye nini? Udi, marashi, halua, kahawa. Ameshazoea, au anasema ameshazoea. Lile neno la mwisho analitafuta bado. Ameuliza wazee wa kike Kisauni nzima, hadi Likoni, na kila anayeulizwa humtazama usoni kwanza, kisha hukumbuka ana kitu jikoni.

Lynnette sasa anakaa mwenyewe, na ameanza kujaribu maneno. Jioni moja ya Alhamisi Rispa alimkalisha mbele ya meza, akarudi jikoni kuleta kahawa. Alipoingia na birika alimkuta mtoto ameinua mikono juu, macho yanang'aa, anacheka.

"Mama," alisema Lynnette.

Lilikuwa neno lake la kwanza. Alilisema wazi kabisa, na alilisema kwa kioo.

Rispa alisimama nyuma yake, birika amelishika kwa mikono yote miwili, lina moto. Akatazama kiooni. Mwanamke aliyekuwa mle alikuwa na sura yake, ile ya zamani, ambayo simu ilikuwa ikiijua. Mikono yake haikushika birika. Ilikuwa mitupu, na tayari alikuwa ameinyoosha.